Mbuga ya Bahi na Maji ya Ugogo

Mji mkuu wa Tanzania ulipewa jina na tope. Wenyeji wa Ugogo husimulia kwamba ndovu mmoja alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, kilichoitwa hivyo kwa ajili ya mikuyu iliyoota kando yake, akakwama, akaanza kuzama, na watu waliomwona wakapiga kelele, "Idodomya!" yaani, amedidimia. Wengine wanayo hadithi ya pili, yenye ucheshi zaidi na heshima pungufu: Wagogo waliiba kundi la ng'ombe wa Wahehe, wakachinja, wakala, wakabakiza mikia, wenye mali walipofuata nyayo wakaonyeshwa mikia imesimama katika matope, wakaambiwa, tazameni, ng'ombe wenu wamezama. Mwandishi wa historia hana haja ya kuchagua baina ya hadithi hizi. Linalomhusu ni jambo ambalo zote mbili zalikubali bila ubishi, nalo ni kwamba katika nchi hii, ambayo kila kitabu cha jiografia huiita nchi ya ukame, palikuwa na tope la kutosha kummeza ndovu, na msikilizaji wa kale hakuona ajabu kuambiwa hivyo.

Mvua ya Dodoma kwa wastani ni milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Jua na upepo vyaweza kukausha milimita 2,000 kwa muda huohuo wa mwaka mmoja. Kwa hesabu hiyo hapangebaki hata dimbwi la kuogea shomoro. Walakini wastani ni kitu cha ofisini. Ugogo haikupata kuishi kwa wastani. Imeishi kwa mwaka wa neema na mwaka wa dhiki, na maji yake huja, yakakaa kitambo, yakaenda zake. Serikali tatu zilizotawala hapa, ya Wajerumani, ya Waingereza na ya wananchi wenyewe, zimepata taabu ileile ya kukitambua kitu ambacho miaka mingine kipo na miaka mingine hakipo. Mbuga ya Bahi ndiyo mfano mkubwa wa taabu hiyo, na nadhani historia haijaitendea haki.

Kwanza yafaa tusimame kidogo katika neno lenyewe, mbuga, kwa kuwa limechakaa. Mwanafunzi wa leo akilisikia humjia simba, twiga na gari la watalii. Lakini katika matumizi ya bara neno hili lilikuwa na maana nyembamba na kamili zaidi: ni uwanda wa chini wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao masika hujaa maji na kuteleza kama sabuni, na kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kuvunja mguu wa ng'ombe. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika kuanzia mwisho wa mwaka 1935 hadi mwanzo wa 1936. Aliona kwamba udongo wa mteremko mmoja umepangika kama pingili za mnyororo, mwekundu juu, wa kijivu na kichanga katikati, mweusi chini, na kila pingili yategemea iliyo juu yake kwa maji na kwa chumvi. Mpango huo aliupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Lakini alipofika katika pingili ya chini kabisa hakuona haja ya Kilatini wala Kiingereza. Alilichukua neno mbuga kama alivyolikuta, likaingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo. Sisi tunaojivunia kwamba dunia nzima husema safari, hatujajivunia hili hata kidogo, na hili ndilo lenye elimu ndani yake.

Leo maofisi yetu yana neno jipya, ardhioevu. Silipingi; limeundwa kwa ufundi, na sheria huhitaji neno moja litakalokusanya kinamasi, tingatinga, bwawa, mikoko na delta. Ila msomaji na atazame linavyosema. Ardhioevu ni ardhi iliyo katika hali ya unyevu. Mbuga haisemi kwamba ina unyevu sasa. Yasema kwamba ni nchi inayopokea maji na kuyaachia. Mtu aliyepewa neno ardhioevu akifika Septemba akakuta vumbi, atasema imekufa. Aliyepewa neno mbuga atasema masika bado.

Bahi iko kilomita 60 hivi magharibi ya mji wa Dodoma, kando ya njia ya reli, chini ya ukuta wa Kilimatinde. Ukuta huo ni sehemu ya mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, mahali ambapo bonde lile kubwa linaanza kupoteza kina chake na kuchanganyika na uwanda. Nchi ya mashariki ya ukuta ilididimia, ikafanya bakuli lisilo na mlango wa kutokea. Mto Bubu huingia kutoka kaskazini, ukiwa umekusanya maji ya vilima vya Kondoa na nchi ya upande wa Hanang. Vijito vingine vya msimu huja kutoka upande wa Singida. Hakuna tone litokalo humo kwa miguu. Yote hutoka kwa mabawa, yaani kwa mvuke. Mwaka wa mvua nyingi maji hutanda yakawa ziwa pana lisilo na kina, na ramani zimelipa jina la Sulunga au Sulungali. Mwaka wa ukame hubaki madimbwi machache, au uwanda mweupe wa magadi na chumvi. Ndiyo sababu wachoraji wawili wa ramani, wote waaminifu, waweza kutuchorea mmoja ziwa na mwingine mistari ya buluu iliyokatika-katika, na asiwepo aliyekosea.

Namna mbuga hii inavyofanya kazi yastahili kuelezwa, kwa maana ndani yake ndimo ulimo ugomvi wote utakaofuata. Maji ya Bubu yanapofika ni matamu, nayo hubeba udongo laini wenye rutuba ulioporomoka kutoka milimani. Karibu na mahali mto unapoingilia, basi, mpunga hustawi. Kadiri maji yanavyosonga ndani ya bakuli na kuchomwa na jua, chumvi iliyotoka katika mawe ya matale ya uwanda wa kati hubaki na kuzidi. Hivyo katika mbuga moja mna sehemu ya mpunga, sehemu ya matete, sehemu ya majani ya kulisha ng'ombe na sehemu isiyoota kitu ila chumvi, na mipaka ya sehemu hizo husogea kila mwaka kwa kufuata maji. Kambale ni raia wa kweli wa nchi ya namna hii. Anacho kiungo cha kuvutia hewa mbali na mashavu yake, aweza kustahimili maji machafu yaliyokwisha hewa, na aweza kujikokota katika matope kutoka dimbwi moja hadi jingine. Mvua ikija, kambale wachache waliosalia katika madimbwi na katika mito huzaa upesi mno juu ya majani yaliyofunikwa, kwani majani yanayooza humlisha mdudu, na mdudu humlisha mtoto wa samaki. Laiti uwanda usingekauka, nyasi zisingeota. Laiti nyasi zisingeota, gharika isingekuta chakula cha kuwapa watoto wa samaki. Ukavu wa Bahi si ugonjwa wake, ni nusu ya uhai wake. Ndege wa majini nao hufuata kalenda hiyohiyo. Mwari na korongo hawana mji. Husikia, hatujui sawasawa kwa njia gani, kwamba maji yamefika, wakaja, na yakiondoka wakaenda kutafuta Wembere au maziwa ya Singida.

Watu walifuata kalenda hiyo pia. Historia ya Ugogo, kama ilivyoandikwa, ni zaidi historia ya njaa. Wanachuo wameziandika njaa zile kwa majina na kwa miaka, na iliyokuwa mbaya kuliko zote, Mtunya, ya kuanzia 1917 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi ya vita vya Wazungu kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Yakadiriwa watu 30,000 walikufa kati ya 150,000. Hakuna awezaye kulaumu wanahistoria kwa kuitazama maiti kwanza. Mathias Mnyampala, ambaye wasomaji wa mashairi humjua kwa ngonjera zake, na ambaye ni mtoto wa nchi hiyo, alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo, nacho kimeweka mbele koo na watemi. Kati ya njaa na koo, mbuga imepotea. Twaiona kwa pembeni tu: kama malisho ya kiangazi, kama chumvi, kama samaki waliokaushwa.

Chumvi haikuwa jambo dogo. Maji yakijitenga, watu walikwangua udongo uliovaa weupe, wakauchuja kwa maji, wakachemsha maji yale hadi chumvi ikabaki chunguni. Kazi hiyo haikufanyika mwaka wa mafuriko, na mwaka wa mafuriko ulikuwa mwaka wa samaki. Hivyo mbuga ilikuwa na bidhaa mbili ambazo hazikukutana sokoni kwa wingi wakati mmoja. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo kwa hofu na manung'uniko. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wageni hao, kama wafanyabiashara wa pwani waliowatangulia, walilalamika juu ya hongo. Nyika kavu ya kuingilia Ugogo upande wa mashariki waliijua kwa jina la Marenga Makali, maji makali. (Hapa mwalimu wa fasihi hawezi kujizuia: malenga, ambaye pwani ni bingwa wa mashairi, kwa Kigogo ni maji. Nani kati yao aliye adimu zaidi, sitathubutu kuamua.) Walichokiita unyang'anyi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kodi ya maji. Msafara wa watu mia tano ukitua penye kisima wakati wa kiangazi hunywa maji ya ng'ombe wa kijiji kizima. Mtemi aliyedai nguo kabla ya kufungua kisima alikuwa akifanya kazi ambayo leo tungeiita usimamizi wa rasilimali, na angepewa semina kwa ajili yake.

Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, juu ya ukuta, mahali ambapo mtu hutazama uwanda wote wa Bahi umelala chini yake. Reli yao ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ili kuupanda ukuta ule ilibidi kwanza ikatize nchi ya mbuga, kupitia Bahi na Kintinku, juu ya tuta. Tuta la reli katika nchi ya mafuriko ni ukuta uliojengwa na mtu asiyejua kwamba anajenga ukuta. Maji yaliyozoea kutanda hujikusanya upande mmoja, yakatafuta daraja, na yasipolitosheka yakachukua tuta. Magari ya moshi ya njia ya kati yamesimama mara nyingi kwa sababu hiyo tangu wakati wa Mdachi, na kila mara taarifa husema kwamba mvua imeharibu reli. Mvua ilikuwa hapo kwanza.

Waingereza walikuja na fikra nyingine, kwamba uwanda wa kati ni nchi tupu inayongoja mashine. Mpango wa karanga ulioanzishwa Kongwa mwaka 1947, mashariki tu ya Dodoma, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza paundi milioni 36 au zaidi, haukuwa wa ardhi za maji, lakini ulitoka katika akili ileile: udongo mgumu kama saruji wakati wa kiangazi uliwashangaza watu ambao wangeweza kumwuliza mchungaji yeyote. Baada ya hapo ikaja zamu ya mabwawa. Hombolo likajengwa mwaka 1957, na mengine yakajengwa kabla na baada yake. Wazo lilikuwa jema na rahisi: maji yanakimbia, tuyakamate. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanajiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, wakiongozwa na Anders Rapp, walipima mabwawa manne ya jirani na Dodoma, Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Waliyoyakuta yanafaa kukumbukwa na kila mhandisi. Mabwawa yalikuwa yakijaa tope kwa kasi ambayo ingeyamaliza baadhi yake katika miongo michache tu. Vilima vilivyonyang'anywa miti vilikuwa vikishuka, na bwawa ni mahali pa kwanza ambapo kilima kinachoshuka hupumzika. Hombolo nalo likaelekea kwenye chumvi. Kwa maneno mengine, mabwawa yalianza kuwa mbuga. Bakuli lililofungwa katika nchi hii, liwe la Mungu au la serikali, hufuata desturi moja.

Huko juu, Kondoa, mmomonyoko ulikuwa umefikia hali ya kutisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa. Wenye mifugo walihama na wanyama wao au wakabaki bila wanyama. Majani yalirudi, na picha za kabla na baada zimeonyeshwa katika mikutano mingi. Jambo ambalo picha hazionyeshi ni kwamba ng'ombe hawakuyeyuka. Walikwenda mahali, na mahali penye majani wakati wa kiangazi ni mbugani. Milima na mbuga ni mnyororo mmoja, kama Milne alivyosema, lakini miradi yetu hushika pingili moja moja.

Mwaka huohuo wa 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Uhamiaji huo ulikawia, ukaharakishwa tangu 2016, na sensa ya 2022 ilikuta jiji lenye watu zaidi ya 700,000. Swali la kwanza la mji wowote ni maji, na Dodoma ililijibu kwa kuchimba. Visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, viliunywesha kwa miongo mingi, na kwa bahati njema kimo cha maji yake ya chini ya ardhi kimepimwa tangu katikati ya miaka ya 1950. Kumbukumbu ndefu kama hiyo ni adimu katika Afrika nzima iliyo kusini ya Sahara, na kuitunza kupitia vita vya kugombea bajeti si jambo la mzaha; waliofanya kazi hiyo, watumishi wa maji wasiotajwa na mtu, wanastahili heshima ya wanahistoria. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walioichambua, na kutoa matokeo yao mwanzoni mwa muongo wa 2010, walionyesha jambo ambalo msomaji sasa atakuwa ameanza kulitazamia. Maji ya chini hayajazwi na mvua ya kila mwaka. Miaka mingi kimo hushuka tu, taratibu. Halafu huja msimu mmoja wa mvua za kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, mito ikafurika, na kisima kikapanda kwa mara moja kuliko kilivyopanda katika miaka mingi iliyotangulia. Jiji linakunywa mafuriko ya zamani. Mwaka ule ambao magazeti yaliandika habari za madaraja yaliyovunjika na njia zilizokatika, ndio mwaka ulioweka akiba ambayo wabunge waliinywa baadaye.

Kwa hiyo mafuriko si ajali katika historia ya uwanda wa kati. Ndiyo siku ya mshahara. Bahi na Makutupora ni daftari mbili za mapato hayohayo, moja iko juu ya ardhi na kila mtu huiona, nyingine imefichwa.

Sheria, kwa upande wake, imeusogelea ukweli huu. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini katika mji wa Iran wenye jina hilo mwaka 1971, unahesabu kuwa ardhioevu mahali penye maji ya kudumu na ya muda pia, matamu au ya chumvi. Tanzania iliingia katika mkataba huo mwaka 2000, ikaorodhesha Malagarasi na Muyovozi mwaka huo, Ziwa Natron 2001, Bonde la Kilombero 2002, na Rufiji, Mafia na Kilwa 2004. Ni mahali pakubwa, pazuri, na pote pana maji mtu akienda na kamera. Bahi haimo. Kwa ufafanuzi wa mkataba ina haki ileile. Kwa macho ya mgeni wa Oktoba haina kitu.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba kuingia katika orodha ni wokovu. Kusini ya uwanda huu iko Usangu, na kinamasi chake cha Ihefu, ambacho humlisha Ruaha Mkuu, na Ruaha hulijaza bwawa la Mtera mpakani mwa Dodoma na Iringa. Tangu miaka ya 1990 Ruaha ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa. Taa zikazimika mijini, na lawama ikatafuta mtu. Ikampata mchungaji. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa kwa nguvu pamoja na ng'ombe zao, na mwaka 2008 nchi yao ya malisho ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini watafiti waliokuwa wameipima Usangu kabla ya hapo, tangu mwisho wa miaka ya 1990, walikwisha kusema kwamba sehemu kubwa ya upungufu wa kiangazi ilitokana na mifereji ya mashamba iliyoendelea kuchepusha maji hata baada ya mpunga kuvunwa. Ng'ombe huonekana kwa mbali na mfereji hauonekani. Kinamasi kililindwa dhidi ya adui aliye rahisi kufukuzwa.

Bahi ilinusurika na ulinzi wa namna hiyo kwa kusahauliwa, na kisha ikakumbukwa kwa sababu isiyotazamiwa. Njia ileile iletayo chumvi huleta na vitu vingine. Matale ya Singida na Dodoma yana chembe za urani. Maji ya mvua huiyeyusha, huibeba hadi katika bakuli lisilo na mlango, na jua likiyapandisha maji juu, urani hubaki ndani ya tabaka la chokaa chini ya udongo wa mbuga, rangi yake manjano. Watafiti wa madini waliitambua tangu miaka ya 1970 na 1980, na baada ya bei ya dunia kupanda katikati ya muongo wa 2000, kampuni za kigeni zilichukua leseni za kutafuta huko Bahi na Manyoni. Wanavijiji waliona mashine za kutoboa zikiingia katika mashamba ya mpunga na madimbwi ya samaki, wakauliza maswali ambayo hayakujibiwa vema. Kisha bei ikaanguka baada ya maafa ya Fukushima ya 2011, na mgodi haukufunguliwa. Madini yangali chini. Nalitaja jambo hili kwa ufupi, ila lina funzo la kijiolojia: kila kitu kinachoingia Bahi hubaki Bahi. Taka itakayoachwa humo haitapelekwa baharini na mto wowote.

Lililo zito zaidi ni Bubu wenyewe. Mpango wa kujenga bwawa kubwa juu ya mto huo, pale Farkwa katika wilaya ya Chemba, umezungumzwa kwa miaka mingi kama jibu la kiu ya jiji la Dodoma na wilaya za jirani. Sitasema kwamba jiji halina haki ya kunywa. Mwanamke wa Dodoma anayenunua dumu la maji kwa bei ya juu hatatulizwa kwa habari za mwari. Lakini ramani ya utawala ina jambo la ajabu hapa. Bubu na Bahi zimo katika Bonde la Kati, ambalo ofisi yake iko Singida. Jiji la Dodoma limo katika bonde la Wami na Ruvu, kwa maana kijito cha Kinyasungwe huenda mashariki hadi Bahari ya Hindi. Maji ya Farkwa yatavuka mpaka wa mabonde. Yakishatumika mjini yatateremka upande wa pili, wala hayatarudi Bahi. Mto utakuwa umeng'olewa bakuli moja na kumiminwa katika jingine.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka mahitaji ya nyumbani kwanza, kisha mazingira, kabla ya kilimo, viwanda na mengineyo. Mpangilio huo ni mzuri. Shida ni kumwambia mhandisi kiasi gani mbuga inahitaji, kwa kuwa jibu la kawaida, yaani kuachia maji kidogo kila siku ya mwaka, ndilo jibu lisiloifaa kabisa. Mchirizi wa kila siku utaishia njiani, katika mchanga wa mto, kabla ya kuiona Bahi. Na hata ukifika, utafanya tope la kudumu lenye mbu na magugu mahali palipokuwa na majira mawili. Mbuga haihitaji posho. Yahitaji gharika, kwa wakati wake, mwezi wa Januari au Februari au Machi, ya kutosha kufunika majani, na kisha iachwe ikauke.

Mwaka kama 1998 hautakuwa na taabu, kwani bwawa lolote litakalojengwa litafurika na kumwaga, na Bahi itapata fungu lake bila kuomba. Mwaka wa njaa kali nao hautakuwa na ugomvi, maana mto hautakuwa na kitu cha kugawana. Iliyo hatarini ni miaka ya katikati, ile ambayo Bubu huleta maji ya kutosha mpunga wa Bahi na Chali, na msimu mmoja wa kambale, na majani ya kiangazi kwa ng'ombe wa Kintinku, wala hayazidi hapo. Maji ya mwaka wa namna hiyo bwawa laweza kuyazuia yote bila kumwaga hata tone. Na miaka hiyo ndiyo iliyo mingi.